Ndovu wa Pangoni na Mahamri ya Masikio



Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wetu (SAW), mama zangu, dada zangu na ndugu zangu mnaousoma ukurasa huu kila wiki, leo nawasimulia usiku mmoja wa Jumamosi nyumbani kwetu hapa Kibabii. Nilidhani usiku ule ungekuwa wa kuwaburudisha watoto tu. Ukaishia kunisomesha mimi, mwalimu wao.

Wengi wenu mwajua kwamba mimi ni mzaliwa wa Lamu, niliyeletwa huku Bungoma na kazi ya kusomesha. Madrasa yetu haiko mbali na barabara iendayo Chwele, na asubuhi ambazo mawingu hayajashuka twauona Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, umesimama upande wa kaskazini kama ukuta wa samawati. Asubuhi moja ya namna hiyo tulikuwa tukidurusu Suratul-Fil. Watoto waliisoma vizuri, herufi zikitoka kwenye makhraji yake. Nikamgeukia kijana mmoja wa miaka tisa nikamwuliza, "Fil ni nini?"

"Ni ndovu, Maalim."

"Na ndovu ni mnyama wa namna gani?"

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Ni ng'ombe mkubwa sana mwenye mikia miwili, mmoja nyuma na mmoja mbele."

Wenziwe walicheka, lakini nilipotaka mmoja wao amsahihishe, hakuna aliyeinua mkono. Watoto hawa wanaihifadhi sura nzima yenye jina la mnyama huyu. Wanaishi mahali ambapo mlima wenye ndovu wauona kwa macho yao. Wala hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona ndovu, si porini wala pichani. Kabla ya kuwalaumu nilijilaumu nafsi yangu, kwani miaka yote nimewafundisha matamshi ya neno, nisiwafundishe maana yake.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu. Yapasa nikiri hapa kwamba nyumbani kwetu runinga haikuingia kwa miaka mingi, na mimi ndiye niliyeizuia. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Baba, wewe wawakataza watoto wasitazame. Nao hutazama kwa majirani, pasipo mtu wa kuwaeleza jema na baya. Je, kwa kukataza huko umemhifadhi nani?" Sikuwa na jawabu. Mja akishindwa kwa hoja ya haki, heri yake ni kukubali mapema.

Binti yetu anayesoma Chuo Kikuu cha Kibabii ndiye aliyetutafutia filamu. Ni sehemu ya mfululizo wa Waingereza uitwao The Life of Mammals, uliotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na msimulizi wake ni David Attenborough. Nilipoambiwa ndovu wanaoonyeshwa humo ni wa mlima huu huu wetu, sikusadiki mpaka nilipoona kwa macho yangu.

Habari yenyewe ni hii. Katika Mlima Elgon, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1968, yamo mapango, na lililo mashuhuri zaidi ni Pango la Kitum. Linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Mvua nyingi za mlimani husafisha udongo na kuuondolea chumvi, hata majani ayalayo ndovu yakawa hayana chumvi ya kumtosha. Chumvi imebaki ndani ya mwamba. Basi ndovu huingia pangoni usiku, katika giza ambalo mtu hauoni mkono wake mwenyewe, huku wakipapasa njia kwa mikonga. Wakifika ndani huuchimba ukuta kwa pembe, wakavunja vipande vya mawe, wakavisaga kwa magego na kuvimeza. Huenda na watoto wao, na kizazi baada ya kizazi mama humwonyesha mwanawe njia ile ya gizani. Wapigaji picha walitumia kamera ziwezazo kuona gizani, bila ya kuwasha taa ya kuwababaisha wanyama.

Mke wangu aliposikia kisa hicho akasema, "Basi wageni wetu nao watakula chumvi." Ndipo tulipopata shauri la kuandaa kitafunio cha kuandamana na filamu, ili watoto wakumbuke kwa ulimi yale watakayoyaona kwa macho.

Alitayarisha vitu vitatu. Cha kwanza, njugu za kukaanga zilizotiwa chumvi, na njugu huku Bungoma hatuzitafuti mbali. Cha pili, maembe mabichi yaliyokatwa vipande virefu, yakapakwa chumvi na pilipili kidogo, kama tulivyokuwa tukila Lamu tulipokuwa wadogo. Cha tatu kikawa mahamri ya sura ya ndovu, nami nitawaeleza namna yake kwa kuwa najua mtaniuliza.

Chukua unga wa ngano vikombe vitatu, sukari theluthi ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, na hiliki iliyotwangwa. Kanda kwa tui la nazi lenye uvuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja, ukiongeza kidogo kidogo mpaka unga ushikane bila ya kunata. Asiye na nazi atumie maziwa. Funika, uache uumuke muda wa saa moja na nusu. Usukume unga, kisha ukate kwa mdomo wa glasi kubwa: hicho ndicho kichwa. Kata viduara vidogo kwa kikombe cha kahawa, kila kimoja ukigawe mara mbili: hayo ndiyo masikio. Fanya na kijiti cha unga kinene kama kidole cha mtu mzima: huo ndio mkonga. Usiufanye mwembamba, utaungua kabla kichwa hakijaiva. Lowesha kwa maji pale panapoungana, ubonyeze, kisha ukaange kwa moto wa kiasi. Kazi ya kuunganisha masikio waachie watoto. Masikio mengine yatakwenda upande, na ndovu wengine watatoka na mikonga miwili. Hilo lisikukasirishe.

Walipokuwa jikoni, mama mmoja jirani aliyekuja kusaidia akaniita kando. Aliniuliza kwa haya, "Maalim, hii si taswira? Twafanya umbo la kiumbe chenye roho." Nilifurahi kwamba aliuliza, kwa maana mtu aulizaye kabla ya kutenda ni mwenye hofu ya Mungu. Nikamjibu kwamba onyo la kutengeneza masanamu ni la kweli, wala hatulipuuzi. Lakini wanazuoni wengi wamevitoa katika hukumu hiyo vitu vya kuchezea watoto, kwa dalili ya Bibi Aisha (RA), aliyekuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume (SAW) alimwuliza habari zake, naye akamtajia farasi wa Nabii Sulaiman, Mtume akacheka wala hakumkataza. Andazi nalo halitundikwi ukutani likatukuzwa. Linatafunwa, likaisha. Hata hivyo nikawaambia wasitie macho wala mdomo, yabaki masikio na mkonga peke yake, ili aliye na shaka naye ale kwa moyo mkunjufu. Mama yule akarudi jikoni akitabasamu, na mahamri yake ndiyo yaliyotoka mazuri kuliko yote.

Baada ya sala ya isha tulitandika mikeka ukumbini. Watoto walikuwa kumi na wanne, na mama zao saba. Kwa kuwa filamu yasimuliwa kwa Kiingereza, na ina muziki ndani yake, tuliiondoa sauti kabisa, binti yetu akawa msimulizi kwa Kiswahili. Alikuwa ameitazama mara mbili kabla, akijiandikia maelezo. Tukazima taa. Sahani ya maembe ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono katika giza, nasi tukisikia watoto wakiramba chumvi vidoleni, na mbele yetu ndovu nao wakila chumvi ya mwamba. Mtoto mdogo kabisa akanong'ona, "Nao wamezima taa."

Ndovu wa kwanza alipotokeza mzima, yule kijana wangu wa mikia miwili alisimama wima. "Ule si mkia!" akasema. "Ule ni mkono!" Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, sura imeeleweka leo.

Filamu ilipokwisha tukawasha taa, nikawasimulia tena habari za Abraha na jeshi lake. Nikawaambia kwamba vitabu vya sira vinasimulia kuwa ndovu wa jeshi lile, alipoelekezwa Makka, alipiga magoti akakataa kwenda, na alipogeuzwa upande mwingine alinyanyuka akaenda mbio. Mwenye dhambi alikuwa mpandaji, si mnyama. Mnyama alimtii Mola wake kuliko mfalme.

Hapo ndipo kijana yule alipouliza, "Maalim, mbona ndovu wa mlimani kwetu ni wachache? Nani aliwamaliza?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja: majangili. Nalo lingekuwa kweli. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 20,000. Wale wa Elgon waliuawa kwa wingi katika miaka hiyo hiyo, kwa kuwa mwindaji ajuaye mlango wa pango ana haja gani ya kuwatafuta? Alimngoja ndovu pale pale alipofuata chumvi yake. Mwezi wa Julai 1989 serikali iliteketeza tani 12 za pembe katika hifadhi ya Nairobi ili kuuonyesha ulimwengu kwamba biashara hiyo imekomeshwa, na mwaka 2016 zikateketezwa tani 105. Alhamdulillahi, hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini kote.

Lakini kabla sijamaliza kusema hayo, kijana akaelekeza kidole kwenye pembe ya ukumbi, mahali ninapoiegemeza bakora yangu. "Na kile kichwa cheupe cha bakora yako, Maalim? Si kama meno yao?"

Ukumbi ukanyamaza. Mama zake wenziwe wakatazama chini kwa aibu ya mtoto wao, lakini mtoto hakukosa adabu. Aliuliza alichokiona.

Bakora ile niliirithi kwa baba yangu, naye kwa baba yake. Kichwa chake ni pembe ya ndovu, kimesuguliwa na mikono ya vizazi vitatu hata kikawa laini kama kigae. Nimeingia nayo misikitini, nimekwenda nayo mazikoni na harusini. Katika miaka yote hiyo sikujiuliza ilikuwa mdomoni mwa nani kabla ya kufika mkononi mwangu.

Ndugu zangu wa pwani, tuseme kweli baina yetu. Sisi twajua habari za pembe kuliko watu wengi. Siwa ya Pate, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na inayoonewa fahari na kila mwenyeji, ni ya pembe. Milango na majumba mengi yalijengwa kwa faida ya biashara hiyo. Misafara ya Waswahili ilipanda kutoka pwani hata ikafika kwa Wanga, katika mji wa Nabongo Shiundu, na baada yake mwanawe Mumia, mji tunaouita leo Mumias. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 na kufika mpaka kwenye mapango ya Elgon, alikuwa akifuata njia ambazo wafanyabiashara wa pembe walikwisha kuzizoea. Ni kwa njia hizo hizo ndipo Uislamu ulipofika kwa ndugu zetu wa magharibi ya Kenya, ukaingia katika ukoo wa Mumia na kuenea. Adhana niisikiayo Kibabii alfajiri, asili yake ilitembea sambamba na meno ya ndovu. Na katika biashara ile walikuwamo watu waliobebeshwa pembe pasipo hiari yao, hilo nalo tusilifiche.

Sikuwalaani mababu mbele ya watoto, wala siwalaani leo. Waliishi katika zama zao, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Walikuja na pembe mabegani, na wengine wakaja na Msahafu kifuani. Lakini mrithi hana ruhusa ya kurithi mali bila ya kurithi na swali lake. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tumesoma kwamba mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisharia ni najisi, na pembe ya ndovu imo humo. Nilikuwa nikiusomesha mlango huo wa tahara mwaka hadi mwaka, na bakora iko mkononi. Fauka ya hayo, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza mtu kuweka pembe nyumbani bila ya kibali, hata kama ni urithi. Nilikuwa nimeyajua yote mawili, nikayasahau kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa changu.

Nikamjibu yule kijana, "Ndiyo, ni meno yao. Nami sikuwahi kufikiri mpaka uliponiuliza." Hakusema neno. Alinisogezea sahani ya njugu, labda aliniona nimehuzunika.

Jumatatu iliyofuata niliipeleka bakora kwa maofisa wa wanyamapori, nikawaeleza asili yake. Waliniandikia stakabadhi, tukaagana kwa amani. Njiani nilirudi mikono mitupu, na sitawaficha, goti langu la kushoto liliikumbuka bakora kabla ya moyo wangu.

Basi mama zangu, ikiwa nanyi mwataka kuandaa usiku wa namna hii, yashikeni mambo machache. Filamu itazameni nyinyi kwanza, peke yenu, mjue kilichomo. Ikiwa ina jambo lisilofaa kwa watoto, lirukeni. Ikiwa msimulizi atasema lisiloafikiana na imani yetu, msinyamaze, elezeni papo hapo kwa utulivu, kwani mtoto anayefafanuliwa hapotezwi upesi. Sauti ya muziki yaweza kuondolewa, na mmoja wenu asimulie, nayo itakuwa tamu zaidi kwa kuwa ni sauti ya nyumbani. Filamu moja kwa usiku yatosha. Kitafunio kiwe cha gharama ndogo, na mtoto akitengeneze mwenyewe kwa mikono yake. Na mwisho, acheni nafasi ya maswali, hata yale yanayowaelekea nyinyi.

Sisi wiki ijayo twakusudia kuwatazama mchwa. Iko filamu ya mwaka 1978, Mysterious Castles of Clay, iliyotengenezwa na Alan na Joan Root, wapigaji picha waliokuwa wakiishi hapa Kenya, juu ya maisha ya ndani ya kichuguu. Ndugu zetu wa huku hula kumbikumbi, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya wadudu: madhehebu ya Imamu Malik yana nafasi, ya kwetu hayana. Kwa hivyo mke wangu ataumba kichuguu cha kashata, na hitilafu itakuwa imekwisha. Baada ya hapo, inshaallah, tutawapeleka watoto wakubwa hadi Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama wa kinamasi. Huko hakutahitajika runinga.

Jumamosi iliyopita, watoto walipokuja kudurusu, kijana wangu aliingia wa mwisho, ameficha kitu mgongoni. Ilikuwa fimbo ya mpera. Aliikata mwenyewe, akaimenya maganda, na kichwani akaiacha na kifundo cha mti kama kilivyoota. Ni fupi kidogo kwa kimo changu, nami hutembea nayo hivyo hivyo.

Mola atujaalie tuwe walinzi wema wa viumbe alivyotukabidhi, na awape watoto wetu macho ya kuona na ndimi za kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.